Kimeota Nini Kwenye Jiwe? Mwongozo Kamili wa Kuwatambua Viumbe wa Tangi la Maji ya Bahari

Saa nane za usiku nilipita na tochi mbele ya tangi, nikaona nyuzi tatu nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea kofia, zimelala juu ya jiwe. Mchana hazikuwapo. Nilipoisogeza tochi karibu, mmoja ulijikunja ukarudi taratibu, ukaingia kwenye tundu lisilozidi kichwa cha pini. Zilinichukua siku tisa kujua kwamba zile nyuzi ni mikono ya mnyoo mmoja anayeishi ndani ya jiwe, anazitandaza usiku kuokota makombo. Hana dhara hata kidogo. Lau ningemtoa kwa kibano usiku ule, ningekuwa nimemuua msafishaji bora niliyekuwa naye.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tangi la maji ya bahari, la nyumbani au la skuli, ambaye mawe yake yameanza kuota vitu asivyovijua. Naandika nikiwa Jambiani, na mifano yangu mingi ni ya pwani ya mashariki ya Unguja, lakini aliye Makangale au Mkoani kule Pemba atawakuta karibu wote hawa. Njia yangu ni hii: kwanza jua kitu kinafanya nini, ndipo ukitafutie jina, na mkono uje mwisho.

Kabla ya yote: jiwe limetoka wapi?

Watu husema "jiwe hai", lakini jiwe lenyewe halina uhai. Ni chokaa, mifupa ya matumbawe ya zamani iliyojaa matundu. Walio hai ni wapangaji wake. Na ukijua jiwe limetoka wapi, umeshapata nusu ya jibu la nani amepanga.

Naomba sana, usivunje mwamba ulio baharini. Ndani ya maeneo ya hifadhi, kama Chumbe, Mnemba, Ghuba ya Menai na Misali, jambo hilo halina mjadala. Matumbawe magumu yote yamo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Wala hatuna haja nayo. Mawe tunayojengea nyumba hapa, yanayochimbwa nchi kavu, ni matumbawe ya bahari ya kale. Nenda machimboni, chagua vipande vyepesi vyenye matundu mengi, visivyo na udongo mwekundu. Visugue kwa brashi ngumu, viloweke maji matamu wiki nzima ukibadilisha maji kila siku.

Mimi vyangu vitatu nilivitia kwenye kipande cha wavu, na kwa ruhusa ya mama mmoja mwenye shamba la mwani nikavifunga kwenye kigingi chake tangu mwanzo wa kaskazi. Baada ya miezi mitatu vilirudi vimevaa. Ukitaka kufanya hivyo, muombe mwenye shamba na uwaarifu kamati ya wavuvi ya shehia yako. Hata ukiliweka jiwe kavu moja kwa moja kwenye tangi, maji mabichi ya bahari huja na mabuu ya viumbe, wadogo wasioonekana, na baada ya miezi michache nao watajitokeza.

Maji uyachote yakiwa yanajaa, mbali na mifereji ya mji. Yaliyobaki ndani ya ziwa la mwamba wakati wa kupwa huwa yamechemka kwa jua, na wakati wa masika maji ya juu huwa yamechanganyika na ya mvua. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, joto kati ya nyuzi 25 na 28.

Katika daftari andika mambo manne: jiwe limetoka wapi, limeingia lini, limekaa mwangani au kivulini, na kila kitu ulichoongeza baadaye. Kitu kilichotokea mwezi wa tano baada ya kuleta kipande cha mwani kutoka kwa rafiki, mara nyingi kimekuja na mwani huo.

Hatua ya kwanza: siku saba bila kugusa

Hili ndilo watu huliruka. Tazama mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya taa kuwaka, mchana, na usiku kama saa mbili, taa zikishazimwa. Usiku funika tochi kwa nailoni nyekundu, kwa sababu wengi wa viumbe hawa hawaijali rangi nyekundu, lakini mwanga mweupe huwakimbiza kabla hujawaona.

Piga picha kila siku, pahala pale pale. Zima pampu dakika tano ili maji yatulie, safisha kioo, weka simu ielekee kioo moja kwa moja bila kuipinda, zima flashi, mwanga utoke juu. Bandika rula nje ya kioo iingie kwenye picha. Picha isiyo na kipimo ina faida ndogo sana, kwani mrija wa milimita 2 na mrija wa sentimita 2 ni viumbe tofauti kabisa.

Hivi ndivyo ukurasa wangu mmoja ulivyo: "Jiwe la pili, upande wa kivuli. Duara la rangi ya chungwa, mm 14. Jana mm 14. Tundu moja kubwa katikati, madogo pembeni. Halijajibu chochote." Maneno hayo yanatosha kumwondoa anemoni (mnyama laini mwenye mikono kama ua), kumwondoa mnyoo, na kukuacha na sponji, mnyama aliyeganda kwenye jiwe anayechuja maji kwa matundu yake.

Hatua ya pili: chelewa na maswali

Chukua chelewa, uti mmoja wa ukuti wa mnazi, uukate uwe laini nchani. Ni mrefu, hauna kutu, hauumizi. Usitumie kidole, na sababu yake utaiona mbele. Kisha jiulize haya.

Kimesogea? Weka nukta ya kalamu nje ya kioo mbele yake, urudi kesho.

Kinajibu? Kwanza pitisha kivuli cha mkono juu ya tangi. Mnyoo wa shada la manyoya hujifyatua ndani ya mrija wake kwa kivuli peke yake, kabla hujagusa maji. Anemoni hungoja aguswe, ndipo ajikunje. Sponji haonyeshi lolote. Jibu la swali hili lina thamani kuliko rangi, na nasisitiza: rangi hudanganya. Sponji wa aina moja anaweza kuwa na rangi mbili katika mawe mawili.

Kina matundu mangapi? Mfuko laini wenye midomo miwili inayojifunga ukiugusa ni mnyama aitwaye tunikati. Ana mdomo wa kuvutia maji na mdomo wa kuyatoa. Sponji ana vitundu vingi vidogo vya kuingizia na kimoja au vichache vikubwa vya kutolea.

Kigumu au laini? Hapa siki ya jikoni inasaidia. Banja kipande kidogo, kioshe kwa maji matamu, kitie tone la siki. Kikitoa mapovu, kimejengwa kwa chokaa. Jaribio hili lifanyike nje ya tangi daima, na ganda lenyewe likwanguliwe vizuri lisibebe jiwe chini yake, maana jiwe nalo ni chokaa na litatoa mapovu vile vile.

Hatua ya tatu: mtie kwenye kundi lake

*Waliojipaka kama rangi.* Ganda gumu la waridi au zambarau lisilotoka ukilikwaruza kwa chelewa ni mwani wa chokaa. Huyu ni baraka, mwache atambae. Vidonge vyekundu vigumu vya milimita chache, vyenye umbo la kichaka kidogo, mara nyingi ni Homotrema, na ajabu yake ni kwamba kila kidonge ni seli moja tu iliyojijengea nyumba. Vumbi la kahawia linalofutika kwa urahisi wiki za mwanzo ni diatomu, mwani mdogo mno wa seli moja, litaisha lenyewe. Utando mwekundu wa kiza au wa kijani kibichi unaoinuka kama shuka ukiupulizia maji ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Kuna aina zake za nyuzi nyuzi, kama Lyngbya, ambazo huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Na ute wa kahawia wenye mapovu, unaozidi jioni na kupungua usiku taa zikizimwa, huwa ni dinoflajelati, viumbe vidogo mno vya seli moja. Hao wawili wa mwisho huashiria tatizo la maji au la mzunguko, kwa hiyo kuwafuta peke yake hakutoshi.

*Wenye majani.* Sitakaa sana hapa, maana watu wa pwani wanaujua mwani. Halimeda ni ule wa vipande vya kijani vilivyounganishwa kama mkufu, vigumu, na ukifa huwa mchanga mweupe. Caulerpa hutambaa kwa mzizi juu ya jiwe na kuinua majani. Upunguze kila wiki, kwani ukizeeka wote huweza kujimwaga ndani ya maji kwa usiku mmoja. Mapovu ya kijani yanayong'aa kama shanga ni Valonia. Usiyapasue ndani ya tangi, yatoe mazima.

*Wenye maua.* Hapa ndipo panapohitaji umakini wote, kwa sababu hapa wamo mwenye kero na mwenye sumu, na mtu mgeni huwaona wamefanana.

Wa kwanza ni Aiptasia. Ni anemoni mdogo, wa kahawia inayopenyeza mwanga, shina refu, mikono mirefu myembamba iliyochongoka. Kila mmoja anasimama peke yake, na ukimgusa kwa chelewa hujifyatua ndani ya tundu. Mwaka wangu wa kwanza nilimkuta mmoja nikamkata kwa kisu. Baada ya wiki tatu nilihesabu kumi na mmoja. Kipande cha unyayo wake kikibaki juu ya jiwe huota kiumbe mzima. Kosa lile lilinigharimu karibu mwaka wa kuwaondoa, na ndilo lililonifundisha kutazama kwanza.

Wa pili ni Palythoa, na jamaa zake wa kundi la zoanthidi, wanaofanana na anemoni wadogo. Hawa hukaa wengi pamoja, kila mmoja kama kifungo cha shati, uso bapa, na mikono mifupi pembeni tu kama ukingo wa mkeka. Chini wameunganishwa kwa nyama moja. Ukiwatazama kwa lenzi ya kukuza utaona chembe za mchanga zimezama ndani ya ngozi yao, maana Palythoa hujijenga kwa mchanga. Wamejaa kwenye mawe ya pwani zetu maji yakipwa.

Baadhi yao wana palitoksini, sumu iliyotengwa na wanakemia wa Hawaii na kutangazwa mwaka 1971, mojawapo ya sumu kali kabisa zitokazo kwa viumbe. Inaingia kwa kidonda, kwa jicho, na kwa kuvuta mvuke. Kwa hiyo, ndugu yangu: usichemshe jiwe ili kuua kilichomo. Usilimwagie maji ya moto. Usilisugue kwa brashi likiwa kavu. Mwaka 2018 huko Uingereza familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tumbawe la tangi lao, pamoja na maofisa waliokuja kuwasaidia. Ukimshuku Palythoa, vaa glavu na miwani, fanya kazi jiwe likiwa ndani ya maji, na wenye vidonda mikononi wakae mbali. Mtu akihisi ladha chungu ya chuma mdomoni, ganzi, maumivu ya misuli, macho kuchoma au pumzi kubana, mtoe nje kwenye hewa, muoshe kwa maji mengi, mpeleke hospitali upesi na mtaje sumu hiyo kwa jina.

Wa tatu ni haidroidi, jamaa mdogo wa anemoni, kama unyoya mdogo au jani la mkangaga, wa kahawia au mweupe. Huyu anauma kama upupu. Yule mama wa shamba la mwani alipokiona kimoja kwenye wavu wangu alinishika mkono kabla sijakigusa: "Mwanangu, hicho kinawasha mpaka kesho." Hakujua jina la kitabuni, lakini alikuwa ameshakitambua kwa kile kinachofanya.

*Wenye mirija.* Msokoto mweupe wa milimita 2 au 3 uliobandika kwenye kioo au jiwe ni mnyoo Spirorbis, na hata wakiwa mia si neno. Mrija mgumu uliopinda pinda bila mpango, wenye kingo kali, huenda ni wa konokono vermetidi. Mtie chakula kidogo, ungoje. Konokono huyu hutoa wavu wa ute kama utando wa buibui kukamata chembe, kisha anauvuta na kuula. Mnyoo hutoa shada la manyoya. Tofauti hiyo utaiona kwa dakika kumi za subira, na ni ya maana, kwa sababu nyavu za vermetidi huwasumbua matumbawe walio jirani.

*Wanaotembea.* Vidoadoa vinavyorukaruka kwenye kioo usiku ni kopepodi na amfipodi, jamaa wadogo mno wa kamba na kaa, chakula cha samaki. Mikono myembamba inayojitokeza kwenye nyufa, ikizungusha ncha kama mikia ya mijusi, ni ya jamaa wa kiti cha pweza. Naye ni msafishaji. Minyoo ya manyoya ya pembeni watu huichukia bure, kwani mingi hula mabaki tu. Lakini usiishike: ya rangi ya waridi au chungwa yenye vishungi vyeupe ubavuni huacha miiba midogo kama ya dungusi kavu. Bandika selotepu uing'oe, kisha paka siki. Anayestahili kutolewa ni mnyoo mrefu mwenye rangi za upinde wa mvua mgongoni na pembe tano kichwani. Ni mwindaji.

Kaa mwenye manyoya na ncha nyeusi za magando mtie tangi la peke yake, na asipikwe, maana katika jamii hiyo ya kaa wamo wenye sumu isiyokwisha kwa moto. Ukisikia mlio wa "ta!" usiku, ni kamba wa kufyatua au kamba mpiganaji anayevunja makombe. Na ukikuta konokono mzuri wa umbo la pia, mwembamba upande mmoja, mpana mwingine, usimtie mkononi kamwe. Huyo ni konokono koni, ana mshale wa sumu, na kuna aina zake zilizokwishaua watu.

Hatua ya nne: thibitisha

Darubini ya skuli, ikikuza mara 100, inamaliza ubishi mwingi. Diatomu huonekana kama vimashua vya kioo vya rangi ya dhahabu. Dinoflajelati huzunguka zikiogelea. Sayanobakteria ni nyuzi za pingili.

Kwa sponji kuna njia ninayoipenda sana. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kitie kwenye kichupa na jiki kidogo, kiache usiku kucha pahala penye hewa. Nyama itayeyuka, chini vibaki vijiti vidogo mno, miiba ya mwili wake. Mwaga jiki, suuza kwa maji matamu mara tano au sita, kisha tazama kwa darubini. Wataalamu humtaja sponji kwa umbo la miiba hiyo. Ukitaka kujua kama ni ya chokaa, tia siki, lakini baada ya kusuuza kabisa, kwa sababu jiki na siki zikikutana hutoa gesi ya klorini.

Picha zako zipeleke iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, au kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Unguja. Usitume picha tupu ukauliza "hiki nini?" Tuma picha tatu, ya mchana, ya usiku na yenye rula, pamoja na mistari yako ya daftari: kipo kivulini, kinajikunja kwa kivuli, kilikuja na jiwe la tarehe fulani. Na ukipewa jina la familia, yaani ukoo wa kiumbe, bila la aina, lipokee. Kwa kuamua uache au utoe, familia inatosha mara nyingi.

Hatua ya tano: mwache, mtenge au mtoe

Asiyekua upesi, asiyeuma jirani na asiye na sumu, mwache. Unayemshuku, mhamishie na jiwe lake kwenye ndoo yenye pampu ndogo, umtazame wiki mbili akiwa na konokono mmoja ndani. Sponji asitolewe hewani hata kidogo, hamisha chombo kizima chini ya maji.

Aiptasia mtoe pamoja na kipande cha jiwe alichokishika, au mzibe mdomo kwa uji mzito wa kalsiamu haidroksidi safi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pampu ikiwa imezimwa. Chokaa ya kupaka ukuta si safi, usiitumie. Katika tangi dogo usizidi wawili kwa siku, maana chokaa hupandisha pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi ya maji, na linda macho yako. Subiri nusu saa ndipo uwashe pampu, kisha kesho yake saa mbili usiku rudi na tochi nyekundu utazame kama tundu lile limebaki tupu.